Kazi zisizohesabiwa ndo zinawabakiza wahadhiri wanawake chini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo kila likitajwa vyuoni linajibiwa haraka haraka halafu linafunikwa. Majina ya maprofesa wapya yakitoka watu wanayapitia, wanaona wanaume wamejaa na mwanamke mmoja, pengine hayupo kabisa, mtu akiuliza imekuwaje anapewa jibu moja kati ya mawili: ama wanawake hawaombi, ama wanawake wana watoto kwa hiyo muda hawana. Mimi nimefundisha chuo kikuu miaka mingi, nimekaa kwenye kamati za kupandisha watu vyeo na nimesoma mafaili yao ukurasa kwa ukurasa, na nasema majibu yote mawili yanakwepa swali lenyewe, yaani nani anazifanya zile kazi za idara ambazo siku ya siku, faili likifunguliwa, hazina uzito wowote.

Na tusidhani ni tatizo la nchi moja au mbili. Umoja wa Ulaya ambao wana utaratibu wa kutoa takwimu zao, mwaka 2018 wanawake walikuwa karibu nusu ya waliohitimu PhD, asilimia 48 hivi, lakini kwenye ngazi ya juu kabisa ya uprofesa walikuwa asilimia 26 tu. UNESCO nao wanasema duniani kote mtafiti mmoja kati ya watatu ndo mwanamke. Kwa hiyo wanaingia, wanasoma, wanahitimu, wanaajiriwa, halafu katikati ya safari wanapungua, au wanaganda pale pale kwenye uhadhiri mwandamizi mwaka hadi mwaka huku wanafunzi wao wa zamani wanawapita.

Nianze na hilo la kutoomba. Mwaka 2018 Donna Strickland wa Chuo Kikuu cha Waterloo kule Kanada alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi ya leza aliyoifanya miaka ya 1980, na siku anatangazwa alikuwa bado profesa mshiriki, yaani ngazi moja chini ya profesa kamili. Dunia nzima ilishangaa, alipoulizwa akajibu kwamba hakuwahi kuomba uprofesa kamili. Wengi wakaidaka hiyo kauli kama ushahidi, unaona, hawaombi wenyewe. Mi swali langu ni lingine na linakihusu kila chuo, je, kumwita mtu na kumwambia sasa umefika, leta karatasi zako, ni kazi ya nani? Maana wanaume wengi ninaowajua hawakuamka tu asubuhi wakajaza fomu, kuna mkubwa aliwavuta pembeni akawaambia mwaka huu weka faili, akawaonyesha na la kwake lilivyopangwa, akawaambia makala ile usiipeleke kule ipeleke jarida hili, na huyu mzungumzie vizuri maana anaweza kuwa mtathmini wako wa nje, yule wa chuo kingine atakayesoma kazi zako. Mazungumzo hayo hayafanyiki kwenye kikao. Yanafanyika baada ya kikao, kwenye gari, kwenye mechi, usiku wakati wa makongamano, sehemu ambazo mwanamke mara nyingi hayupo, na akiwepo watu wanaanza kuulizana yule na mzee wana nini. Kwa hiyo anasubiri aitwe kama anavyoona wenzake wanaitwa, haitwi, na baadaye anaambiwa hakuomba.

La watoto, sikatai kwamba watoto wanachukua muda, na mwili wa mwanamke ndo unaobeba mimba na kunyonyesha, hilo halina mjadala. Lakini angalieni kilichotokea kwenye idara kubwa za uchumi za vyuo vya Marekani, zile zilizoamua kwamba mzazi yeyote akipata mtoto, awe mama au baba, anaongezewa mwaka mmoja kabla ya kutathminiwa kama atapewa ajira ya kudumu. Sheria iliandikwa sawa kwa wote na nia ilikuwa njema. Utafiti uliochapishwa 2018 ukaonyesha kwamba baada ya utaratibu huo nafasi ya wanaume kupata ajira ya kudumu kwenye chuo kile kile walichoanzia ilipanda na ya wanawake ikashuka, kwa sababu wanaume waliutumia ule muda wa ziada kutoa makala kwenye majarida makubwa zaidi. Mwaka ni ule ule, mmoja kautumia kuandika na mwingine kautumia kunyonyesha, kamati ikawapima kwa rula moja.

Tena kuna utafiti mwingine mkubwa wa 2023, hukohuko Marekani, uliofuatilia wahadhiri wa vyuo vingi, ukakuta wanawake wanaacha kazi kuliko wanaume kwenye kila ngazi, na pengo linakuwa kubwa zaidi kwa wale ambao tayari ni maprofesa kamili. Watu ambao wengi wao watoto wameshakua! Na sababu iliyotajwa sana haikuwa familia, ilikuwa hali ya kazini, namna wanavyotendewa, yaani waliona wanasukumwa nje. Kwa hiyo anayesema ishu ni watoto tu atueleze hao nao wanaondoka kwa nini.

Sasa tuje kwenye kazi zenyewe. Kaa kwenye kikao cha idara uangalie. Mwenyekiti anafungua, anauliza leo nani ataandika kumbukumbu, kimya, watu wanashika simu zao, mmoja anapekua makaratasi ambayo hana haja nayo, halafu macho yanaanza kuhama taratibu mpaka yanatua kwa mhadhiri wa kike aliyekaa mwisho wa meza, na yeye akiona kimya kimezidi anavuta kalamu. Ataandika kikao chote, kwa hiyo hata kuchangia hoja atashindwa maana huwezi kuandika anachosema mwenzako na hapo hapo ukajenga hoja yako, usiku atazichapa, atazituma kwa imeili, wiki ijayo ataulizwa mbona jina la fulani limekosewa. Akishaifanya mara moja basi imekuwa yake. Na ratiba ya mitihani itakuwa yake, mapokezi ya wanafunzi wapya yake, mgeni wa nje akija atampokea yeye, mfanyakazi akifiwa michango atakusanya yeye kwenye grupu la WhatsApp, kamati ya jinsia lazima awepo, na kwa kuwa kila kamati inatakiwa iwe na mwanamke na wanawake wa ngazi yake ni wawili tu, wataitwa hao hao wawili kwenye kila kamati chuo kizima. Utaratibu uliowekwa ili wasikike umegeuka mzigo wa ziada juu ya ule wa kwanza.

Halafu kuna mlango wa ofisi yake. Mwanafunzi aliyefiwa, aliyekosa ada, aliyepata mimba, anayetaka kuacha chuo, anayesumbuliwa na mwalimu, wote wanagonga kwake. Wenzake wa kiume wakipata mtu wa namna hiyo wanamwambia nenda kwa Mama fulani atakusaidia. Na atamsaidia kweli, huwezi kumfukuza mtoto analia mlangoni, ila ile saa nzima na nyingine itakayofuata kumpigia simu mshauri, kumwandikia barua ya kuahirisha mtihani, kufuatilia kama amekula, imetoka kwenye makala ambayo alikuwa ameifungua kwenye kompyuta na ambayo ataifunga bila kuongeza hata sentensi moja.

Watu wanasema wanawake wana huruma, ndo walivyoumbwa, wanapenda kusaidia. Kuna watafiti wa uchumi, Linda Babcock na wenzake, walilipima hilo na kuchapisha mwaka 2017. Waliweka watu kwenye vikundi vidogo, kila kikundi kinahitaji mtu mmoja ajitolee kufanya kazi ambayo wote watafaidika ikifanyika lakini anayejitolea anapata kidogo kuliko wenzake. Kwenye vikundi vya mchanganyiko wanawake walijitolea zaidi, kama mnavyotegemea. Lakini kwenye vikundi vya wanaume watupu wanaume walijitolea vizuri tu, sawa na wanawake walivyofanya kwenye vikundi vyao. Kumbe wanaume wanaweza! Wanachofanya ni kusubiri kwa sababu wanajua akiwepo mwanamke chumbani ataifanya, na yeye naye anajua kwamba wote wanamsubiri. Tena hata anayepewa nafasi ya kumwomba mtu ajitolee, awe mwanaume au mwanamke, anamwomba mwanamke zaidi. Kwa hiyo tuache kusingizia maumbile, hayo ni matarajio, na matarajio yanabadilishwa na utaratibu.

Sasa fungua faili. Machapisho yana kurasa zake na pointi zake, kila makala inahesabiwa, jarida gani, jina lake ni la kwanza au la tatu. Ufundishaji una nafasi yake kidogo. Huduma kwa chuo ni mistari michache mwishoni ambayo wajumbe wanaipitia kwa macho tu. Nimewahi kusoma faili la mama mmoja ambaye aliratibu mitihani ya idara muhula baada ya muhula, kasimamia wanafunzi wa uzamili lukuki, kakaa kamati ya maadili, kamati ya jinsia, kamati ya mahafali, machapisho yakapungua mawili. Mjumbe mmoja akasema huyu hana utafiti, huyu ni mtu wa utawala. Faili likawekwa pembeni. Kwenye kikao kile kile akapitishwa mwenzake wa idara hiyo hiyo, machapisho yake mazuri, alistahili kabisa sina ubishi, ila miaka yote hiyo mitihani yake ilikuwa inaratibiwa na huyo mama, wanafunzi wake wenye shida walikuwa wanakwenda kwa huyo mama, na asubuhi zake za kuandika zilikuwa huru kwa sababu kuna mtu mwingine asubuhi zake hazikuwa huru. Hilo halina kisanduku kwenye fomu.

Historia ya jambo hili ni ndefu. Emmy Noether, mwanahisabati mkubwa, alifika Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, mwaka 1915 na kwa miaka kadhaa mihadhara yake ilitangazwa kwa jina la David Hilbert, profesa wa hisabati pale, bila mshahara, mpaka 1919 aliporuhusiwa kufundisha kwa jina lake mwenyewe. Leo hakuna chuo kitakachothubutu kufanya hivyo hadharani, lakini kazi ya mwanamke kuhesabiwa kwa mtu mwingine bado ipo, imebadilika sura tu.

Na hata pale ambapo kazi inahesabiwa, haipimwi sawa. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Uswidi, Christine Wennerås na Agnes Wold, walichapisha kwenye jarida la Nature matokeo ya kuchunguza maombi ya ufadhili kwa baraza la utafiti wa tiba la nchi yao, wakakuta mwanamke alihitaji kuwa na machapisho kama mara mbili na nusu ya mwanaume ili apewe alama sawa ya umahiri. Wanafunzi nao wanapotathmini walimu mambo ni hayo hayo, kuna jaribio la 2015 kwenye kozi ya mtandaoni ambako wanafunzi hawakuona sura za walimu wao, walimu wawili, mwanaume na mwanamke, wakabadilishana majina kwa baadhi ya makundi, kila mwenye jina la kiume akapewa alama za juu zaidi, mpaka kwenye kurudisha kazi kwa wakati, na kazi zilirudishwa siku moja. Na fomu hizo za wanafunzi ndo tunazibandika kwenye mafaili tukiziita ushahidi wa ufundishaji bora. Niseme pia kwamba utafiti mwingine wa 2012, uliotumia sivii (CV, maelezo ya mwombaji kazi) moja kwa jina la kike na la kiume, ulionyesha maprofesa wa kike nao walimpendelea mwenye jina la kiume na kumpangia mshahara mkubwa zaidi, kwa hiyo kuweka wanawake wawili kwenye kamati peke yake hakutoshi.

Mhariri, niruhusu nikae kidogo kwenye afya maana hapo ndo hakuna anayetaka kuongea. Mhadhiri anayefanya kazi za idara mchana anaandika utafiti wake saa ngapi? Usiku. Saa sita, saa nane usiku, nyumba imelala, na saa kumi na moja anatakiwa awe ameamka. Anaenda hivyo miezi, anaenda hivyo miaka. Kwanza usingizi unakatika hata siku ambayo ana nafasi ya kulala, kichwa kinauma, presha inapanda, anaanza kusahau vitu alivyokuwa anavijua, anaogopa kufungua imeili, akisikia simu inaita moyo unamdunda. Akienda hospitali anaambiwa apumzike na yeye anacheka maana apumzike lini. Nimeona wenzangu, wanawake hodari kuliko wote kwenye fani zao, wanajiona wajinga, kwa sababu kila mwaka faili linarudishwa na barua fupi inayosema hajafikia kigezo, na hakuna popote kwenye barua hiyo panaposema kigezo chenyewe alikosa kukifikia kwa kuwa alikuwa anaiendesha idara. Mtu anaacha kuomba. Halafu tunarudi kule kule, hawaombi wenyewe.

Ongeza na maneno ya kila siku. Taasisi za kitaifa za sayansi za Marekani zilitoa ripoti 2018 kuhusu unyanyasaji wa kijinsia kwenye sayansi na vyuo, zikasema aina iliyo ya kawaida kuliko zote siyo ile ya kutakwa kimapenzi, ni ile ya kudharauliwa na kufanywa uone hapa si pako, na kwamba nayo inaharibu afya na kazi. Ile ya kwanza ipo pia na inatisha, hasa pale anayekutaka ndo anayesaini maendeleo yako, lakini hii ya pili haina hata pa kuishtaki. Unakatizwa ukiongea, hoja yako inarudiwa na mwanaume dakika tano baadaye inapigiwa makofi, mgeni anaingia ofisini anakuuliza Dokta yupo, ukiwa mkali unaambiwa una hasira za nyumbani, ukiwa mpole unaambiwa huwezi uongozi. Kila moja peke yake ni dogo, ukilishtaki unaonekana mkorofi. Yakijumlishwa kwa miaka ishirini yanamla mtu.

Nini kifanyike? Mimi siombi semina nyingine ya kuwafundisha wanawake kujiamini. Semina hizo tumehudhuria, na nani aliziandaa, nani alichapa mwaliko, nani alipokea wageni, tunajua. Naomba vyuo vipime. Kokote nilikosoma mambo yakabadilika ni pale mtu alipopima akaweka namba mezani. Wale wawili wa Uswidi walizipata nyaraka za tathmini ya maombi baada ya kupigania haki yao ya kisheria ya kuziona, kabla ya hapo kila mtu alikuwa anaapa kwamba tathmini ni ya haki. Nancy Hopkins wa MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts kule Marekani, mwanabiolojia, alichukua futi kamba akapima maabara usiku, yake na za wenzake, baada ya kunyimwa nafasi ya kuweka matanki ya samaki wake wa utafiti, akakuta wanaume wana nafasi kubwa kuliko wanawake wa ngazi ile ile. Mwaka 1994 kitivo chao cha sayansi kilikuwa na wanaume karibu mia mbili wenye ajira ya kudumu na wanawake 15 tu. Wanawake hao walikaa pamoja, kila mmoja alikuwa anadhani tatizo ni lake peke yake, wakalinganisha, na mwaka 1999 chuo kikatoa ripoti na kukiri kwamba ubaguzi upo, mishahara na nafasi za maabara zikaanza kurekebishwa. Marehemu Profesa Wangari Maathai naye kabla dunia haijamjua kwa miti, miaka ya 1970 akiwa mhadhiri Nairobi, alipigania pamoja na mwenzake wanawake walioajiriwa chuoni wapate stahili sawa na wanaume.

Kwa hiyo kila idara iwe na jedwali la wazi, nani anafundisha vipindi vingapi, nani anasimamia wanafunzi wangapi, nani yuko kamati zipi na kwa muda gani, nani anaandika kumbukumbu. Kazi hizo zizungushwe kwa zamu iliyoandikwa, asisubiriwe wa kujitolea, maana kimya kile kikaoni nimeshaeleza kinaishia kwa nani. Aliyebeba uratibu wa mitihani muhula huu apunguziwe vipindi muhula ujao. Na kwenye kupanda cheo kazi hizo zipewe pointi za kweli, na anayezikwepa akatwe, awe na machapisho mangapi. Pia mkuu wa idara apitie kila mwaka mafaili ya wahadhiri wote, aliyefika ngazi aambiwe kwa maandishi na anayepungukiwa aambiwe anapungukiwa nini, ili ile ya kuvutwa pembeni iwe ya kila mtu.

Nimeshasikia kwamba huku ni kushusha viwango. Si kweli, machapisho yabaki pale pale yalipo. Ninachotaka ni kwamba wawili wanaoshindana kwa machapisho wawe wamepewa muda unaofanana wa kuyaandika, na kama hawakupewa, kamati ijue hivyo kabla haijapiga kura. Wengine watasema ni kuongeza makaratasi, lakini chuo ambacho kinajua kila kiti na kila projekta iko chumba gani kinashindwaje kujua muda wa watu wake unaenda wapi?

Vyuo vinavyojiandaa kuita maombi mapya ya kupanda vyeo vianze sasa hivi, kabla fomu hazijatoka. Jedwali la miaka mitano iliyopita linatosha kuanzia, halihitaji mfadhili wala mshauri mwelekezi, taarifa zote zimo kwenye kumbukumbu za vikao na kwenye ratiba. Likibandikwa ubaoni kila mtu ataliona. Na kazi ya kuliandaa aifanye mkuu wa idara kwa mkono wake, asimtupie tena mhadhiri wa kike.

Ni mimi msomaji wenu,
Mhadhiri mwandamizi (jina nimelihifadhi)